Chanjo Chache, Watu Wengi: Hesabu za Kujipanga na Homa ya Mafua

Hebu tufikirie zahanati moja. Ndani kuna dozi 200 za chanjo. Nje wamekaa watu 2,000, na kila mmoja anaitaka. Wako wazee, wako mama wajawazito, wako watoto wa shule, yuko na nesi mwenyewe. Ugonjwa umekwisha fika kijiji cha pili. Je, nani apewe kwanza?

Wengi wetu tutajibu upesi: wazee na wagonjwa, maana hao ndio wanaokufa. Jibu hilo lina huruma na si baya. Lakini wapo wataalam waliokaa chini na kalamu na karatasi, na baadaye na kompyuta, wakaona kwamba pengine njia nzuri ya kumwokoa bibi ni kumchanja mjukuu. Katika makala haya tunaeleza walivyofika huko. Tutapita kwenye hesabu kidogo. Msiogope. Ni hesabu za kuzidisha na kugawanya, zile zile tulizojifunza katika kisomo.

HOMA INAYOZUNGUKA DUNIA

Hatusemi mafua ya kawaida ya kamasi na kupiga chafya. Tunasema homa ya mafua, ile inayoleta homa kali, mwili kuuma, kikohozi, na mara nyingine kuharibu mapafu. Inaletwa na vijidudu vidogo sana viitwavyo virusi. Virusi hivi hubadilika badilika. Kila baada ya miaka kadhaa hutokea kirusi kipya, chenye asili ya ndege au nguruwe, ambacho miili ya watu haijakizoea. Hapo ugonjwa huzunguka dunia nzima.

Katika miaka mia moja na kidogo iliyopita jambo hili limetokea mara nne: mwaka 1918, 1957, 1968 na 2009. Ule wa 1918 ndio uliotisha kuliko yote. Inakadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila watatu duniani aliugua, na watu wapatao milioni 50 walikufa. Wengi waliokufa walikuwa vijana wenye nguvu, watu wa jembe na wa bunduki.

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatukupona. Wakati ule huku kulikuwa bado na vita vya Waingereza na Wajerumani. Ugonjwa uliingia kwa meli katika bandari ya Mombasa mwezi wa Septemba 1918. Ukapanda gari moshi kwenda bara. Ukafuatana na askari na wapagazi waliokuwa wakirudi makwao. Angalieni: haukuruka angani kama nzige. Ulipita njia za watu, kwa sababu unabebwa na watu. Hapo ndipo hesabu zinapoanza.

MMOJA HUAMBUKIZA WANGAPI?

Tuseme mgonjwa mmoja huambukiza watu wawili, na kila mara hupita siku 3 hivi kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine. Mmoja anazaa wawili, wawili wanazaa wanne, wanne wanazaa wanane. Endeleeni hivyo mara kumi. Mtapata wagonjwa wapya 1,024. Hizo ni siku 30 tu, mwezi mmoja.

Sasa tuseme kila mgonjwa huambukiza mtu mmoja na nusu. Msicheke, hakuna nusu mtu! Maana yake ni kwamba wagonjwa 2 huambukiza watu 3. Zidisheni mara kumi hivyo hivyo. Mtapata 58 hivi. Tumepunguza kutoka 2 hadi 1 na nusu, jambo linaloonekana dogo, na mwisho wa mwezi badala ya wagonjwa wapya elfu moja wako 58.

Na kama kila wagonjwa 10 huambukiza watu 9 tu? Basi ugonjwa unakwisha wenyewe polepole, kama moto uliokosa majani. Kwa hiyo mpaka uko kwenye moja. Juu ya moja ugonjwa unakua, chini ya moja unakufa.

Namba hiyo inatoka wapi? Richard Larson, profesa wa chuo cha MIT kule Marekani, alisisitiza sana jambo ambalo wengi walikuwa wanalisahau. Alisema namba hiyo haikuandikwa mbinguni, bali inategemea na jinsi watu wanavyoishi. Hebu tuivunje vipande viwili. Kipande cha kwanza: mgonjwa anakutana na watu wangapi kabla hajapona? Cha pili: katika hao, mmoja kati ya wangapi anaambukizwa? Tuseme anakutana na watu 40, na mmoja katika kila 20 anaambukizwa. Gawanyeni 40 kwa 20, ni 2. Sasa mgonjwa asiende mnadani wala kilabuni, akutane na watu 30 tu. Gawanyeni 30 kwa 20, ni 1 na nusu. Halafu watu wanawe mikono kwa sabuni, wazibe mdomo wakikohoa, wafungue madirisha, hata awe anaambukizwa mmoja katika kila 30. Gawanyeni 30 kwa 30. Ni 1. Tumefika mpakani bila sindano hata moja.

Namba hizi tumeziweka sisi ili hesabu iwe rahisi. Lakini njia ni ile ile wanayotumia wataalam.

Waliofungua njia hii kwa hesabu kamili walikuwa watu wawili wa Edinburgh, Uskochi. Mmoja aliitwa McKendrick, daktari. Mwingine aliitwa Kermack, mtaalam wa kemia. Huyu Kermack alikuwa kipofu. Alipoteza macho mwaka 1924 kwa ajali ya kemikali katika maabara, lakini hakuacha kazi. Mwaka 1927 wawili hao walionyesha kwamba ugonjwa wa kuambukiza hausubiri watu wote waugue ndipo uishe. Unakwisha pale watu wasio na kinga wanapopungua chini ya kiasi fulani, kwa sababu kila mgonjwa anazungukwa na waliokwisha pona. Kama mgonjwa angeambukiza wawili, basi nusu ya watu wakiwa na kinga atapata mmoja tu. Chanjo hufanya kazi hiyo hiyo. Inawapa watu kinga bila kwanza kuwapitisha katika hatari ya ugonjwa.

ELIMU ILIYOTOKA VITANI

Kuna elimu maalum ya kupanga kazi kwa hesabu ili vitu vichache vifanye kazi kubwa. Wataalam huiita utafiti wa utendaji kazi. Sisi hapa tutaiita hesabu za mipango. Ilipata nguvu huko Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wanajeshi waliwaita watu wa sayansi, akiwemo Patrick Blackett, wawasaidie kufikiri. Swali mojawapo lilikuwa hili: meli za mizigo zinazovuka bahari zikisindikizwa na manowari, je, ziende katika makundi madogo au makubwa? Wengi waliogopa kundi kubwa. Hesabu zikaonyesha kinyume: katika makundi makubwa, meli zilizozama zilikuwa chache kwa kulinganisha na zilizosafiri. Hawakuunda manowari mpya. Walipanga upya zile walizokuwa nazo.

Elimu ya foleni nayo ni ya zamani zaidi. Ilianzwa na mtu wa Denmark aitwaye Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu mjini Copenhagen. Mwaka 1909 alichapisha hesabu zake kuhusu simu zinavyoingia. Yeye alikuwa anafikiria simu za mjini. Kumbe hesabu hizo zinafaa kwa foleni yoyote, ya mashine ya kusaga, ya bomba la maji, na ya chanjo.

Tuchukue nesi mmoja anayeweza kuhudumia watu 60 kwa saa. Watu wakija 50 kwa saa, wakija ovyo ovyo bila mpango, kila mtu kwa wastani atakaa pale dakika 6. Wakija 57 kwa saa, mtadhani itakuwa dakika 7 au 8. Sivyo. Itakuwa dakika 20. Wakija 59 kwa saa, itakuwa saa nzima! Na wakizidi 60, foleni haina mwisho. Ndiyo maana mara nyingi tunaona zahanati inakwenda vizuri jana, na leo watu wamejaa mpaka chini ya mwembe, wala nesi hakuwa mvivu. Waliongezeka watu wachache tu, lakini nesi alikuwa amekwisha fika ukingoni.

Katika homa ya mafua foleni ni hatari kuliko foleni ya unga. Watu waliosongamana wanaambukizana. Mtu mzima amekuja kutafuta kinga, anarudi na ugonjwa. Kwa hiyo mpango mzuri huanza mlangoni: mwenye homa na kikohozi aende upande wake, asikae benchi moja na wazima.

Halafu kuna kugawa kazi. Tuseme kila anayekuja anapita mahali patatu. Kuandikishwa, dakika 2. Kuulizwa hali yake na kupimwa joto, dakika 3. Kuchomwa sindano, dakika 1. Tunao wafanyakazi 6. Mtu wa haki atasema: wawili hapa, wawili pale, wawili kule. Haya, tupige hesabu. Wale wawili wa kupima watatoa watu 40 kwa saa, basi. Wachoma sindano wataweza watu 120 kwa saa, lakini watakaa wakiongea, maana watu hawawafikii. Sasa mhamisheni mmoja. Wawili waandikishe, watatu wapime, mmoja achome. Kila mahali panatoa watu 60 kwa saa. Kwa siku ya kazi ya saa 8, mpango wa kwanza unachanja watu 320, wa pili watu 480. Wafanyakazi ni wale wale 6, na mishahara ni ile ile.

Kwa kazi kama hiyo, wataalam wa chuo cha Georgia Tech mjini Atlanta, wakishirikiana na Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani, walitengeneza programu ya kompyuta iitwayo RealOpt. Ukiiambia watu ni wangapi, wafanyakazi wangapi na kila kazi inachukua muda gani, inakupangia kituo chote. Kwa kijiji kimoja, hata hivyo, kijiti na mchanga vinatosha.

MIJI MIWILI, MWAKA 1918

Je, kuwahi kuna faida gani? Tutazame miji miwili ya Marekani.

Huko Philadelphia ugonjwa ulianza kuonekana kwa raia katikati ya Septemba 1918. Siku ya 28 Septemba kulikuwa na gwaride kubwa la kuchangisha fedha za vita. Gwaride halikuahirishwa. Watu wapatao 200,000 walijazana barabarani. Shule, makanisa na kumbi za starehe zilifungwa siku ya 3 Oktoba, zaidi ya majuma mawili tangu wagonjwa wa kwanza waonekane. Hospitali zilifurika, na maiti zilikosa wa kuzizika.

Huko St. Louis wagonjwa wa kwanza miongoni mwa raia waliripotiwa siku ya 5 Oktoba. Mkuu wa afya wa mji, Dk. Max Starkloff, hakungoja. Siku ya 7 Oktoba mikusanyiko ilianza kupigwa marufuku. Wenye biashara walinung'unika, kama kawaida.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2007, watafiti walizirudia hesabu za miji hiyo. Katika juma baya kuliko yote, Philadelphia walikufa watu 257 katika kila watu 100,000. Katika juma baya kuliko yote la St. Louis, walikufa 31. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara nane. Lakini ukijumlisha majira yote ya ugonjwa, Philadelphia walikufa 719 katika kila 100,000, na St. Louis 347. Hiyo ni tofauti ya mara mbili. Someni namba hizo tena polepole, maana zina mambo mawili ndani yake.

Kwanza, walionusurika kufa St. Louis ni wengi, hilo halina ubishi. Pili, hata wale waliougua hawakuugua kwa wakati mmoja. Wagonjwa 400 wakija hospitali yenye vitanda 50 katika juma moja, wengi watalala sakafuni bila mtu wa kuwapa hata maji. Wagonjwa hao hao 400 wakija kwa majuma nane, 50 kila juma, na kama kila mmoja anakaa juma moja, kila mmoja ana kitanda. Si kama mafuriko na mvua ya rasharasha? Maji yanaweza kuwa ndoo zile zile, lakini moja linabomoa nyumba na jingine linaotesha mahindi.

Tuongeze jambo moja ambalo wanaoisifu St. Louis hulipita haraka. Mji huo ulipolegeza amri katika Novemba, vifo vilipanda tena. Kufunga mapema kunanunua muda. Muda huo kama haukutumiwa kwa kitu, ugonjwa unarudi kuukusanya. Siku hizi kitu cha kutumia muda huo ni kutengeneza chanjo. Mwaka 1918 chanjo ya homa ya mafua haikuwapo.

BIBI AU MJUKUU?

Sasa turudi kwenye zahanati yetu yenye dozi 200.

Huko Japani, kuanzia mwaka 1962, walianza mpango wa kuchanja watoto wa shule. Baadaye ikawa sheria. Mwaka 1987 wazazi waliruhusiwa kukataa, na mwaka 1994 sheria ikafutwa. Mwaka 2001 watafiti walilinganisha vifo vya miaka hiyo. Waliona kwamba wakati watoto wanachanjwa, vifo vya majira ya mafua vilipungua nchi nzima, hasa vya wazee, na chanjo ilipoachwa vifo vikapanda. Walikadiria kwamba kila watoto 420 waliochanjwa waliokoa maisha ya mtu mmoja. Mara nyingi mtu huyo hakuwa mtoto. Alikuwa babu au bibi ambaye hakuchomwa sindano yoyote.

Sababu si ngumu. Watoto hukaa pamoja darasani siku nzima. Wanacheza, wanashikana, wanakula pamoja. Jioni kila mmoja anarudi kwenye mji wake. Tena chanjo hufanya kazi vizuri katika mwili wa kijana kuliko mwili wa mzee. Mwaka 2009 watafiti wawili, Jan Medlock na Alison Galvani, walitumia hesabu hizi kwa Marekani. Walipata kuwa chanjo zikiwa chache, zinaokoa zaidi zikipewa watoto wa shule pamoja na watu wa umri wa miaka 30 hadi 39. Kwa nini hao wa 30? Ni wazazi. Wao ndio daraja kati ya shule na watu wengine wote.

Hata hivyo, hesabu si amri. Ikiwa ugonjwa umekwisha enea kila nyumba, kumchanja mtoto ili asimwambukize bibi ni kuchelewa. Afadhali kumkinga bibi mwenyewe. Na nesi? Nesi akiugua, dozi 199 zilizobaki zitachomwa na nani? Sisi tunaona huyo awe wa kwanza siku zote, na mipango mingi duniani inakubali hivyo.

Katika ugonjwa wa 2009 Marekani iliweka mbele mama wajawazito, wanaolea watoto wachanga, wafanyakazi wa afya, watoto na vijana hadi miaka 24, na watu wazima chini ya miaka 65 wenye magonjwa mengine. Wazee hawakuwa mbele mara hiyo. Wengi wao walikuwa na kinga kiasi, kwa kuwa walikutana na virusi vya namna ile walipokuwa wadogo. Kirusi kingine kinaweza kuwa kinyume. Ndiyo kusema mpango haunakiliwi tu kutoka daftari la zamani.

CHANJO ILIYOFIKA WAGENI WAMEONDOKA

Ugonjwa huo wa 2009 ulionekana mwezi wa Aprili huko Mexico na Marekani. Siku ya 11 Juni Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa umeenea dunia. Kutengeneza chanjo kukaanza mara moja. Lakini sehemu kubwa ya chanjo ya mafua hukuzwa katika mayai ya kuku, mamilioni ya mayai, na kirusi kile kilikua polepole kuliko walivyotumaini. Dozi za kwanza zilitoka mwanzo wa Oktoba, tena chache.

Marekani ikazigawa kwa majimbo kufuata idadi ya watu. Jimbo lenye watu wengi likapata nyingi, lenye wachache likapata chache. Nani atalalamika? Ni haki ya mizani. Lakini ugonjwa haukuwa umefika kila jimbo kwa siku moja. Katika majimbo ya kusini-mashariki shule hufunguliwa mapema, mwezi wa Agosti, na ugonjwa ulipanda huko mapema. Chanjo ilipofika, katika baadhi ya majimbo hayo ugonjwa ulikuwa umekwisha anza kushuka. Kwingine ulikuwa bado unapanda, na kila dozi ingeweza kukata mnyororo mrefu wa maambukizo.

Larson, yule profesa tuliyemtaja, pamoja na mwenzake Anna Teytelman, walizichambua hesabu hizo na kuzichapisha mwaka 2012. Walionyesha kwamba dozi moja haina thamani moja kila mahali. Inayofika kabla ya ugonjwa kufikia kilele inaokoa watu wengi kuliko inayofika baadaye. Kwa hiyo mgawaji angetazama na kalenda ya ugonjwa, si idadi ya watu peke yake.

Hapa tuseme ukweli. Jambo hilo ni gumu kulikubali. Kugawa sawa kwa sawa kunaonekana kwa macho na kila mtu analihesabu mwenyewe. Mwambie mtu, "Jirani yako amepewa mara mbili yako kwa sababu ugonjwa kwake unapanda na kwako unashuka," naye atauliza nani kapiga hesabu hiyo, na shemeji yake ni nani. Sisi hatumlaumu. Tunaona hesabu ya namna hii inafaa tu pale ambapo imeelezwa kwa watu kabla chanjo hazijafika. Ikielezwa baada ya kugawa, itaonekana hila hata kama ni kweli.

Foleni ya mataifa ilikuwa mbaya zaidi. Nchi tajiri zilikuwa zimekwisha agiza sehemu kubwa ya chanjo. Shirika la Afya Duniani lilikusanya msaada na kupeleka dozi milioni 78 katika nchi 77, lakini zilifika mwaka 2010, wakati katika nchi nyingi wimbi kubwa lilikuwa limepita. Mapema zaidi, mwaka 2007, Indonesia ilikuwa imekataa kupeleka nje virusi vya mafua ya ndege. Ilisema: sisi tunatoa virusi, makampuni yanatengeneza chanjo, halafu tunauziwa kwa bei tusiyoiweza. Ni sawa na kutoa mbegu na kunyimwa mavuno. Ugomvi huo ulizaa mapatano ya mwaka 2011, kwamba nchi zitoe virusi vyao kwa uchunguzi, na watengenezaji watenge sehemu ya chanjo kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani wakati wa janga.

MPANGO UWE NA BREKI

Msidhani kwamba wenye hesabu hawakosei. Mwezi wa Februari 1976 askari mmoja kijana alikufa katika kambi ya Fort Dix, Marekani, kwa kirusi cha nguruwe. Serikali iliogopa kwamba 1918 imerudi. Ikaamua kuchanja nchi nzima, na watu zaidi ya milioni 40 wakachanjwa. Ugonjwa wenyewe haukutoka nje ya kambi ile. Bali baadhi ya waliochanjwa, wachache sana kwa kulinganisha, walipata ugonjwa wa kupooza, na mwezi wa Desemba kazi yote ikasimamishwa. Kosa halikuwa kutengeneza chanjo. Wangeweza kuitengeneza na kuiweka ghalani, wakitazama kama ugonjwa unaenea. Mpango wao ulikuwa na mwendo tu, haukuwa na mahali pa kusimama na kuuliza: je, namba iko juu ya moja au chini?

DAFTARI LA ZAHANATI

Kompyuta ya Atlanta au ya Massachusetts haijui kitu ambacho mtu hakukiandika. Kila namba tuliyotaja ilianza na karani, nesi au daktari aliyeandika mstari mmoja katika daftari: tarehe, umri, homa na kikohozi. Afrika ya Mashariki ina maabara za kuchunguza virusi vya mafua, kwa mfano Nairobi na Entebbe, na matokeo yake huunganishwa na ya dunia. Mara mbili kila mwaka, Februari na Septemba, Shirika la Afya Duniani hutumia habari kama hizo kushauri ni virusi gani viwekwe katika chanjo ya majira yanayofuata.

Kijijini nako daftari linasema. Tuseme juma la kwanza limeandikwa watu 4 wenye homa na kikohozi. Juma la pili 6. Juma la tatu 9. Kwa macho tu, 9 si watu wengi. Lakini gawanyeni: 6 kwa 4 ni moja na nusu, na 9 kwa 6 ni moja na nusu. Ikiendelea hivyo, juma la nne watakuwa 13 au 14, la tano 20, na la sita 30. Kama dawa za homa zikiagizwa wilayani hufika baada ya majuma matatu, basi mganga anayefunga juma la tatu aagize dawa za watu 30, wala asiagize za watu 9.